Kitenzi Kilichobaki Wazi

Msomaji wa historia hii, mdogo wake marehemu wa tumbo moja, anaomba radhi kwa karatasi aliyoianza, maana mlipotulia kusikia marehemu alizaliwa lini, mlichosikia ni kwamba pua hutoka kamasi, soksi hufumuka na rangi ya kitambaa huchuja, mpaka mjane alipomvuta shati na kumwambia, "Shemeji, hiyo ni kazi yake, yeye mwenyewe yuko mfuko wa pili."

Marehemu alizaliwa tarehe 4 Machi 1951, katika chumba cha nyuma cha duka la baba yetu fundi viatu, akasoma shule ya msingi kuanzia 1958 hadi 1965, kisha sekondari hadi 1969, ambako wenzake walimbandika jina la Kistari, kwa sababu hakuvumilia kuona neno limekatwa ovyo mwisho wa mstari.

Januari 1971 aliajiriwa katika kiwanda cha uchapaji kuwa msahihishaji, akihakikisha kila neno linalovuka mstari linakatwa penye silabi na si pengine, na kupitia dirisha la kiwanda hicho alimwona mshonaji wa ng'ambo ya barabara, wakafunga ndoa tarehe 16 Septemba 1978, wakajaliwa mabinti wawili, mkubwa muuguzi, mdogo fundi umeme.

Mwaka 1999 alihamishiwa chumba cha kamusi ya Kiingereza kwa Kiswahili, na mwaka 2005 akafika kwenye kitenzi cha Kiingereza "run", ambacho msomaji, mpishi wa meli, kwa elimu yake ya jikoni, alidhani ni kukimbia tu, kumbe Waingereza wamekitwika kila mzigo, injini ikinguruma ni hicho, pua ikitoka kamasi ni hicho, mto ukitiririka ni hicho, mtu akigombea ubunge au akiendesha duka ni hicho hicho, ilhali Kiswahili kinadai kila mmoja apewe neno lake. Wenzake walimpita, wakamaliza herufi zote, yeye akabaki palepale, kila akifunga mlango maana nyingine inabisha hodi, na kamusi nzima ikamsubiri. Msomaji akirudi kutoka bandari za mbali hakuulizwa zawadi, aliulizwa, "Umesikia maana mpya?" naye kwa kujipendekeza akajibu ndiyo, huku shemeji akimtazama kama mtu aliyeingiza kunguni nyumbani.

Tarehe 9 Juni 2023 kiharusi kilimkuta mezani, kikamnyang'anya ulimi, na aliyewakatia watu maneno maisha yake yote akawa anafundishwa kuyaunga, mtaalamu wa matamshi akipiga kofi kwa kila silabi, yeye akilia kwa hasira, hadi mwezi wa nne wa mazoezi mtaalamu alipokosea akapiga "chak-ula", marehemu akafoka, "Cha-ku-la!" na hilo ndilo neno lake la kwanza, si kwa njaa, ni kusahihisha. Nyumba ilicheka siku hiyo, kisha haikucheka tena. Kila mhariri mkuu alipokuja kuomba kamusi ichapwe na kitenzi hicho kama kilivyo, alijibiwa, "Ha-pa-na," na wiki ya mwisho marehemu alimkamata daktari koti, akakataa kumwachia, akiomba silabi kwa silabi, "Mwa-ka," na tena, "Mwa-ka," mpaka binti mkubwa alipomfungua vidole kimoja kimoja akimwambia, "Baba, mwachie, hana." Alifariki tarehe 21 Novemba 2024, alfajiri, karatasi zake zikiwa juu ya shuka.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, pamoja na huyo aliyepoteza kifungo cha koti, majirani waliotuletea viti kabla hatujaomba, na wenzake wa kamusi waliomvumilia miaka yote hiyo. Pumzika, kaka, kwa amani uliyowanyima wahariri, ingawa msomaji anajua hutatulia kabla hujajua hatima ya kitenzi chako, kwa hiyo asubuhi ya leo, mbele ya jeneza, alimkumbusha mjane kwamba marehemu alikataa katakata kisichapwe kikiwa wazi, je, wosia wa maiti tuuvunje?

Shemeji hakuinua hata kichwa.

"Chapeni. Wa kukataa ndiye huyo, amelala."