Mchwa Hawatumii Rula

Njooni karibu, wanangu, na wewe mkubwa acha kusimama mlangoni kama mtu anayesubiri gari. Keti hapo miguuni pangu nikuone bila kugeuza shingo, maana shingo nayo siku hizi haitaki kutumwa. Mdogo akae upande huu na simu yake. Wa kati, niinulie mto kidogo. Hapo hapo. Daktari amewaambia ya kwake huko sebuleni, na mimi si mtoto, nimeyasoma kwenye nyuso zenu mlipoingia. Kwa hiyo nitasema, na asinikatize mtu hata kwa huruma, kwa sababu nikikatizwa nitapata nafasi ya kuogopa, na nimekwisha ogopa miaka kumi na tisa. Inatosha.

Ya mali ni mafupi. Nyumba hii ni yenu nyote watatu, isiuzwe mpaka watatu mkubaliane, na chumba cha uani ni cha wa kati, aolewe asiolewe, na mtu asimuulize atatoka lini. Kiwanja cha kule juu ni cha mdogo, kwa sababu nyinyi wawili niliwanunulia vitabu vipya na yeye alisomea makapi yenu. Mkubwa achukue meza yangu ya kazi na saa ya ukutani. Hati ya nyumba imo ndani ya faili la kijani, kabati la chini, na yeyote atakayelifungua faili hilo atakuta humo pia bahasha ya kaki. Niliiweka hapo makusudi, ili asirithi mtu nyumba hii bila kuiona. Nilidhani ningewaachia mshtuke wenyewe nikiwa nimeshaondoka, lakini huo nao ungekuwa woga ule ule. Ndani ya bahasha mna karatasi moja, imeandikwa mbele na nyuma. Si yangu. Niliiiba kazini.

Mdogo, futa machozi, sikulaumu. Kaka yako alikutuma utafute kumbukumbu za kifungo cha babu yenu, ziingie kwenye kile kitabu cha ukoo anachotaka kukipeleka kiwandani kikachapwe, na wewe kwa kuwa huchoki ukaingia kwenye mtandao wa idara yetu ya nyaraka, ukalifungua daftari la vifo la gereza la machimbo, ukawa unapitisha picha moja moja kwa kidole. Siku ya tatu ukanijia: "Baba, mbona ukurasa wa mia mbili na kumi na mbili unafuatwa na mia mbili na kumi na tano? Katikati wameandika tu, karatasi haipo, imeliwa na mchwa." Nikakujibu kwamba madaftari ya zamani ndivyo yalivyo. Kisha nikaomba maji nikajilaza, mkasema ni presha. Haikuwa presha, mwanangu. Maneno yale niliyachapa mimi, kwa vidole hivi viwili.

Babu yenu hakufungwa. Najua, mkubwa, najua umesimama mbele ya wanafunzi wako mara ngapi ukiwaambia wewe ni mjukuu wa mtu aliyevunja mawe kwa kuwatetea wenzake. Mimi ndiye niliyekusimulia, kama yeye alivyonisimulia, na kila tulipohamisha hadithi tuliitia chumvi. Alikuwepo gerezani, ndiyo. Alikuwa askari wa zamu.

Kazi ya kupiga picha madaftari ilinikuta nina miaka hamsini na mitano. Walituletea kamera iliyofungwa juu ya meza ikitazama chini, taa mbili pembeni na kioo kizito. Unalaza daftari, unapangusa karatasi kwa brashi laini, unashusha kioo, unakanyaga pedali, unainua kioo, unafunua nyingine, mpaka mgongo unasahau kunyooka. Kanuni ilikuwa mmoja apige na mwingine ahesabu kurasa, ila mwenzangu wiki ile aliugua, nikapiga mimi na nikahesabu mimi. Madaftari ya gereza yalikuwa yamefungwa kwa lakiri tangu nikiwa shule, hakuna karani aliyewahi kuyasoma. Nikakanyaga pedali kwenye mia mbili na kumi na mbili, nikafunua, nikakutana na jina la baba yangu.

Upande wa mbele ni taarifa. Wafungwa kumi na mmoja waligoma kubeba mawe. Askari wa zamu akawafungia ndani ya ghala la chokaa, bati juu, dirisha hakuna, saa sita mchana, akaondoka na ufunguo. Askari waliobaki walisikia mlango ukigongwa, wakatafuta ufunguo mwingine, haukuwepo, na hakuna aliyethubutu kuvunja mlango wa serikali bila amri. Askari akarudi saa kumi, hakumkuta aliye hai. Chini kuna maelezo yake na sahihi yake, ile ile iliyoko kwenye ripoti zangu za shule.

Anaeleza kwamba alikwenda kwa fundi cherehani kupima sare mpya.

Siku hiyo naikumbuka, wanangu. Nilikuwa na miaka tisa. Alinipitia shuleni akanishika mkono, tukaenda, na fundi akamwambia inua mikono nikupime kifua, na yeye ili ainue mikono vizuri akanipa funguo nimshikie. Nilikaa juu ya marobota ya vitambaa nikizichezea. Nilikuwa nazigonga gonga ukutani kupiga ngoma, na fundi akacheka akasema huyu atakuwa mwanamuziki. Hatukuwa na haraka. Baba alikunywa chai, akabishana kuhusu vifungo, akapima tena. Wiki ile ile tukahama mji, sare hakuivaa kamwe, na huku tulikohamia akawaambia watu ametoka kifungoni, nami nikafundishwa kusema hivyo hivyo mpaka nikaamini. Niliishi miaka arobaini na sita bila kujua nilikuwa nimeshika nini mkononi.

Sasa sikilizeni kosa langu, kwa sababu la baba ni lake na ameshakwenda kulijibu. Upande wa nyuma wa karatasi hiyo hauna jina lake hata mara moja. Una majina ya wale kumi na mmoja, na mbele ya kila jina namba ya kaburi na ukuta alipolazwa, maana walizikwa ndani ya uzio na ndugu zao hawakuambiwa. Mimi nilitaka kuficha upande mmoja. Nikachukua wembe na rula ya chuma. Lakini huwezi kukata upande mmoja wa karatasi, na nilipoukata wetu niliwakata na wao. Nililijua hilo pale pale, wembe ukiwa bado mkononi. Nikaiweka karatasi chini ya shati, nikaandika mchwa, nikaendelea na mia mbili na kumi na tano.

Mwaka uliofuata bomba lilipasuka juu ya ghala la pili la idara na madaftari yale yakaoza yote, yakazolewa kwa koleo. Zimebaki picha kwenye mtandao, na hiyo iliyomo kwenye bahasha. Duniani kote hakuna mahali pengine watu hao walipoandikwa.

Wa kati, wewe nina lako. Yule fundi wa kujalidi vitabu, tuliyemwita Mzee Gundi, aliliona daftari kabla halijaoza. Akapitisha kidole kwenye mshono, akanitazama, akasema kwa upole kabisa, "Mchwa hawatumii rula, ndugu yangu." Hakunishtaki. Alinipa nafasi. Na mimi kwa sababu hiyo hiyo nikamchukia, nikaacha kumsalimia, na mwanawe alipoleta posa yako nikawafukuza wajumbe nikisema ile familia ina dharau. Hawakuwa na dharau. Niliogopa kuketi na baba yake kwenye mkeka mmoja. Ulinipikia jioni ile kama kawaida, na tangu hapo unanipikia. Sina cha kukupa kinacholingana na hicho. Chumba cha uani ni chumba tu.

Nipeni maji. Kidogo, nilowanishe ulimi.

Kuna mama mmoja. Alikuwa na miaka kumi na minne kaka yake alipofungwa, na yeye ndiye aliyekuwa akimpelekea chakula mpaka getini, hadi siku waliporudisha bakuli likiwa limejaa na kumwambia asije tena. Kila mwaka alikuwa akija dirishani kwangu, amefunga kilemba safi, ananisalimia vizuri, anauliza: "Karani, umempata?" Nami nasema, hakuna, mama. Miaka ya kwanza hakuna yangu ilikuwa ya kweli. Tulipoweka picha mtandaoni nikamgeuzia kompyuta aone mwenyewe, kwa uso mkavu, nikamsomea: imeliwa na mchwa. Akaniuliza, "Wadudu gani hao, karani, wenye kumchagua kaka yangu?" Kisha akacheka, maana ni mtu wa mzaha, akaniachia maembe mawili juu ya kaunta kwa usumbufu. Nilikuja nayo nyumbani. Mliyala nyinyi.

Nikadhani ameshakufa. Nilitumaini hivyo, Mungu anisamehe, nilikuwa nasoma matangazo ya vifo nikimtafuta. Mpaka mwezi uliopita mdogo akanisomea kilichoandikwa mtandaoni chini ya ukurasa ule uliopotea, ameandika mjukuu wake: bibi yetu ana miaka sabini na tisa, haoni vizuri, anataka kujua kaka yake kalala wapi kabla na yeye hajalazwa, mwenye habari yoyote atupigie. Na namba ya simu. Mdogo akasema, "Maskini, Baba, angalau tungewasaidia." Nikageukia ukutani.

Basi haya ndiyo maagizo. Karatasi irudi idara ya nyaraka, mkononi mwa mkuu wao, si kwa kuisukuma chini ya mlango, nao waipige picha pande zote mbili na kuiweka mahali pake, na lile neno mchwa lifutwe liandikwe jina langu na nilichofanya. Kitabu cha ukoo kichapwe, mkubwa, lakini kichapwe hivi. Najua wazo lako la kwanza. Naliona hapo usoni, usitazame chini. Unafikiria kiberiti. Unafikiria mzee akishafumba macho, nani atajua, na wanafunzi, na heshima ya jina, na watoto wako. Sikushangai, wewe ni wangu, hata mimi nilifikiri hivyo hivyo nikiwa na wembe. Ndiyo maana sikuachii wewe.

Msigombane. Mkinizika msitaje sifa ambazo mtu atahitaji kuzipunguza. Wa kati nenda kamsalimie Mzee Gundi, mwambie nilimsikia siku ile. Mungu awape usingizi... ule nilioukosa. Awape watoto wasiowaogopa. Awape kauli moja, na riziki ya kutosha kukaa humu bila... bila kutoana macho. Nimewasamehe yote, na hakuna mlilonikosea. Mnisamehe mkiweza. Msipoweza leo, sawa. Kesho.

Ngoja nipumue.

Mdogo. Ile namba. Piga. Hapana, sasa hivi, nikiwa bado nina sauti, mkubwa mwache apige, keti. Keti, mwanangu, nakuomba. Wa kati, lete ile bahasha, unisomee mstari wa saba, macho yangu hayafiki. Weka simu hapa sikioni. Inaita.

Hallo. Shikamoo, mama. Hapana, hunijui kwa sauti, imeisha... ni karani. Karani wa dirishani. Ndiyo, yule yule, wa nyaraka. Mzima... mimi si mzima sana, mama. Kaa kwanza. Umekaa? Hapana, safari hii sisemi hakuna. Yupo. Kaka yako yupo. Kaburi namba saba, ukuta wa... ngoja, mwanangu ananisomea... ukuta wa mashariki, karibu na tangi. Aliyewafungia ni baba yangu. Na aliyekuficha ni mimi, mama, si mchwa. Mimi.

Mama?

Ndiyo, nipo. Ya kunilaani utaniambia, nayangojea. Chukua kwanza kalamu. Muite mjukuu akuandikie. Taratibu tu, usije ukaanguka. Nasubiri.