Macho ya Brandon Gitonga

Wapendwa waombolezaji, nimesimama kwa niaba ya familia, mimi Harrison Mutembei, mjomba wa marehemu, na mtaniwia radhi sauti ikinipanda, kwa maana hasira ningali nayo.

Brandon Gitonga alizaliwa tarehe 3 Juni 2003, Chogoria, mtoto wa pekee wa dada yangu Jedidah Nkatha na marehemu Stanley Gitonga, na baada ya baba kufariki akaja na mama yake Minnesota, Agosti 2011, wakakaa Anoka, Jedidah akipata kazi ya kutunza wazee kule Golden Valley.

Alisoma Anoka hadi kumaliza sekondari Juni 2021, lakini hakusoma kwa raha, kwani Februari 2019 wavulana watatu walimbana nyuma ya shule, wakamvua miwani, wakaiponda kwa buti, kisha wakamtwanga hadi jino likang'oka, naye akirusha ngumi hewani kwa sababu hamwoni anayempiga. Alifika nyumbani damu imemgandia shingoni, akamwambia mama yake kwamba atakuwa askari, na kwamba hatapigana tena kipofu.

Tarehe 13 Septemba 2021 aliajiriwa kuwa mlinzi wa jengo la kuegesha magari, Minneapolis. Ndoto ya jeshi hakuiacha, na Jedidah, aliyekwisha kuzika mume, hakutaka hata kulisikia. Basi alipoambiwa kanisani, kwenye chai ya baada ya ibada, kwamba aliyefanyiwa upasuaji wa macho kwa leza jeshi halimchukui, yeye mwenyewe alimhimiza mtoto afanyiwe, akamwendesha hadi kliniki tarehe 25 Oktoba 2024, huku akiimba garini. Loo, zilikuwa habari za zamani! Afisa wa kuandikisha askari alimweleza Brandon kwamba leza haimfungii mlango, ila angoje miezi sita macho yatulie, alete rekodi za kliniki, na ajichunge sana, maana pigo moja laweza kuhamisha kile kigozi chembamba kilichofunuliwa juu ya jicho, na hapo safari imekwisha. Brandon aliingia nyumbani anacheka, "Mami, ni kungoja tu!" Jedidah alinuna, kisha umama ukamshinda, akawa ndiye anayemtia dawa, na kila mara kijana alipotoka kwenda kazini alimpigia kelele kutoka jikoni, "Brandon, macho!"

Hakuwahi kuoa, wala hakuacha mtoto.

Jumanne, tarehe 15 Aprili 2025, mchana kweupe, wanaume wawili walikuwa wakimburuta mama mmoja kwa nywele ili wamnyang'anye gari. Mwenzake kazini, Gwakisa, aliyekuja mbio kutoka ghorofa ya juu, anasema Brandon alimvunja mmoja pua, akamwangusha chini, na yule mama akapata kukimbia. Wa pili akainua chuma, akamlenga usoni. Hapo Brandon, kijana mwenye mabavu yale, aliacha kupigana, akafunika macho kwa mikono yote miwili, chuma kikamvunja vidole, na yule wa chini akainuka na kisu, akamchoma tumboni, akachoma tena, na tena, washenzi wakubwa, na mikono ya mtoto wetu haikushuka.

Alifanyiwa upasuaji, akazinduka mara moja tu, akauliza kama macho yamepona. Mama yake akamwambia ni mazima. Alifariki Alhamisi, tarehe 17 Aprili, saa nne asubuhi, na Jedidah akayafumba kwa vidole vyake mwenyewe, hayana hata mkwaruzo.

Tangu siku hiyo dada yangu anasema lile neno lake la jikoni ndilo lililomuua. Jedidah, nakujibu mbele ya watu wote hawa, hapana! Waliomuua walishika chuma na kisu, wewe ulishika chupa ya dawa.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliopigania uhai wake, majirani wa Anoka waliotupikia na kulala nasi, wafanyakazi wenzake, na wewe Gwakisa uliyemshika hadi gari la wagonjwa likafika, shati lako zima likilowa damu.

Leo ni tarehe 25 Aprili, miezi sita imetimia, naye angekuwa mlangoni kwa yule afisa tangu asubuhi. Umengoja vya kutosha, Brandon. Shusha mikono sasa, mwanetu, upumzike kwa amani.