Milo Mitatu ya Nkuhungu

Benchi langu la kahawa liko Nkuhungu, ubavuni mwa mashine ya kusaga. Mwezi wa tatu walipita vijana wa utafiti, wakiuliza watoto wa mtaa huu wanakula mara ngapi kwa siku. Akina mama wanashinda kwenye vibarua vya zabibu, kwa hiyo waliojibu ni hawa wakuu wa kaya wanaoshinda kwangu. Wote walisema mara tatu. Kwetu mgeni haambiwi kuwa nyumbani kuna njaa. Jana majibu yalirudi: watoto wetu wanashiba, uji wa shuleni unahamishiwa kwa wenye shida.

— Tumeonewa, akasema Matonya, tunayemwita Mbunge, ingawa hata ujumbe wa nyumba kumi hajawahi kuupata.

— Wewe ulijibu nini? nikamuuliza.

— Milo mitatu, Bibi. Na sikudanganya. Asubuhi chai kavu, mchana ubuyu, usiku ugali na mlenda. Haba na haba hujaza kibaba.

— Kibaba cha ubuyu.

Bashiri Spana, fundi baiskeli, akatikisa kichwa.

— Hao midomo yetu hawakuisikiliza. Wana kindege kisicho na rubani, kinahesabu moshi wa jikoni. Kwangu maharage huchemka kutwa. Wameona moshi, wakaandika karamu.

— Moshi wapi, akasema Luka Daktari, muuza mizizi. Waliangalia mbwa. Mbwa wa Mbunge ana mashavu. Mtafiti akimwona vile anajua watoto nao wameshiba. Mtoto wa nyoka ni nyoka.

— Mbwa yule anakula kuku wangu, nikasema. Na hilo mngewaambia.

Hapo akafika mwalimu Evodia wa darasa la kwanza, na karatasi mkononi.

— Shikamoo, Bibi.

— Marahaba. Uji ndio basi?

— Watafiti wamekubali turudie maswali, ila karatasi zinaondoka leo jioni. Uji ukikatwa, nusu ya darasa langu itakuwa inasinzia kabla ya saa nne.

— Andika njaa, akasema Mbunge. Safari hii wote tunasema njaa.

— Siandiki njaa, baba. Naandika chakula. Mwanao leo asubuhi amekula nini?

Mbunge akamtazama Spana. Spana akamtazama Daktari.

— Mama yake ndiye..., akaanza Mbunge.

— Na wako, Spana? Wako, Daktari?

Spana akachungulia kikombe chake cha kahawa, Daktari naye chake. Mwalimu akafunika kalamu, akaniuliza njia ya kwenda kwenye mizabibu, waliko akina mama.