Mwanabaraka Kondo na Sindano ya Sumu

Assalaam aleykum. Ndugu mliokuja kutuhani, kwa niaba ya familia tunasoma maisha ya mama yetu sote, Bi. Mwanabaraka Kondo, na tunayasoma yote, pamoja na hiyo sumu mnayoinong'ona tangu jana, maana maneno hayo yanaweza kumnyima mgonjwa mwingine matibabu.

Alizaliwa Mbuchi tarehe 12 Machi 1961, akasoma shule ya msingi hapa hapa kuanzia 1969 hadi 1975, akafundishwa na bibi yake kusuka mikeka, kazi iliyomlisha hadi mwisho, na tarehe 4 Agosti 1980 akaolewa na Mzee Yussuf, wakajaaliwa mtoto mmoja, Tasnim.

Mwaka 2014 kope yake ya kushoto ilianza kucheza, naye, kama tulivyolelewa sote, akasema kuna mgeni njiani, akazidisha wali siku tatu, mgeni hakuja, bali jicho likawa linajifunga lenyewe na mdomo unavutwa upande, wanawake wakasema anawakonyeza waume zao, wakaacha kumwalika harusini. Hilo lilimuuma kuliko maradhi. Alipungwa pepo mara mbili, pepo hakutoka kwa kuwa hakuwemo.

Juni 2019, huko Dar es Salaam, daktari alimweleza bila kuficha kwamba dawa ya maradhi yake, ya kuchomwa sindano usoni, inatokana na sumu ya vijidudu vya chakula kilichoharibika, sumu ya kuua mtu, ila imesafishwa na kupimwa kidogo mno, ili ilegeze tu msuli uliokaza. Alijibu kwamba midomo ya watu imemlisha sumu isiyopimwa miaka mitano, kwa hiyo wamchome. Wiki ya pili jicho lilitulia, akaenda harusini bila mwaliko, akakaa mbele. Nguvu ya dawa huisha baada ya miezi mitatu au minne, basi alipanda boti mpaka Nyamisati, kisha gari, mara kumi na nane, kila mara akiuliza lini itapatikana ya kudumu zaidi, akijibiwa kuwa utafiti unaendelea, naye akiwahimiza wafanye upesi.

Tarehe 29 Mei alipatwa na kiharusi kwa shinikizo la damu, akafariki Kibiti jana, tarehe 1 Juni 2025. Sindano ya mwisho ilikuwa Februari. Madaktari wamesema, nasi tunarudia, sumu haikumuua.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliombeba hadi botini, wasuka mikeka wenzake, hata waliomsengenya, maana leo wamechota maji.

Tarehe 12 mwezi huu alikuwa arudi Dar kwa sindano nyingine. Safari haifutwi. Jirani yetu Siti, aliyeturuhusu tumtaje, shingo imempinda mwaka wa pili, sindano ni hiyo hiyo, na nduguze wanamzuia kwa kuogopa neno sumu. Tasnim ameshazungumza na daktari, atampeleka yeye, na mwenye kupinga apinge sasa, mbele ya jeneza.

Pumzika kwa amani ya Mola wako, mama. Siti atapanda boti.