Lenzi, Mpima Sarafu

Ndugu waombolezaji, wazee wetu, majirani na nyote mlioacha shughuli zenu kuja kutushika mkono, mimi ni dada yake marehemu, nilizaliwa kati yake na kaka yetu mkubwa, na nimepewa kazi ya kuwasomea maisha yake kwa kuwa nyumbani kwetu mimi ndiye nisiyeishiwa maneno, ingawa leo yananipotea.

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Lenzi, alizaliwa tarehe 9 Juni 1953, akiwa mtoto wa tatu na wa mwisho wa baba yetu fundi viatu na mama yetu muuza vitambaa, akasoma shule ya msingi kuanzia 1960 hadi 1967, kisha sekondari hadi 1971, ambako alisifiwa kwa hesabu na kuchapwa kwa ubishi, maana alikuwa mbishi huyu, akishasema jambo ndivyo lilivyo, hata umkalie kooni.

Januari 1972 alianza kazi ya kutengeneza saa, na mwaka 1976 akaajiriwa katika duka la sarafu za zamani nyuma ya benki, chumba kimoja chenye meza ya kitambaa cheusi, taa ya shingo ndefu na kabati la droo nyembamba, na huko ndiko alikopata jina lake, kwa sababu ya kile kioo cha kukuzia alichokibana jichoni hata akienda kufungua mlango. Kazi yake ilikuwa kupima hali ya sarafu na kuipa daraja, na sisi tusiojua alitueleza kwamba sarafu mbili za mwaka mmoja na madini yale yale zaweza kupishana bei kama kuku na ng'ombe, moja ikiwa imezunguka sokoni mpaka sura iliyochorwa juu yake imelika, nyingine ikiwa imetunzwa tangu itoke kiwandani, na kwamba mkusanyaji hanunui kung'aa, ananunua ngozi ile ya mwanzo, hata kama imefifia na kuwa nyeusi, ndiyo maana alizishika kwa ukingo tu, na ole wako uiguse moja usoni, ungemtambua.

Lipo jambo ambalo siwezi kuliruka, na kaka yetu mkubwa, mshonaji, aliyeketi hapa mbele, analijua kuliko sote. Baba alipofariki mwaka 1984 alimwachia kaka sarafu ya fedha aliyoitunza ndani ya kitambaa tangu ujana wake, kaka akakusudia kuiuza anunue cherehani ya pili, na kwa nia njema kabisa, ili isimtie mdogo wake aibu mbele ya wateja, akaisugua kwa majivu na dawa ya meno mpaka ikameremeta, akaingia nayo dukani akitabasamu. Lenzi aliiweka chini ya taa, akaigeuza kwa ukingo, kisha akasema, watu wakisikia, kwamba hadi juzi sarafu hii ilikuwa ya daraja la juu, lakini sasa imejaa mikwaruzo, ngozi yake haitarudi tena, na hakuna mkusanyaji atakayetoa zaidi ya thamani ya fedha iliyomo. Kaka aliona anashushiwa bei ili mdogo wake ainunue kwa bei ya kutupa, akaondoka kwa hasira, nasi tukamwangukia Lenzi aandike daraja la juu tu, yaishe, yeye akapeleka pesa ya cherehani kama zawadi, ikarudishwa, lakini kuandika uongo alikataa katakata.

Tarehe 18 Oktoba 1986 alifunga ndoa na mwalimu wa watoto wadogo, mke aliyemvumilia jamani, maana hata sahani aliziangalia kwa kile kioo, wakajaliwa mabinti wawili na mtoto mmoja wa kiume, waliokua wakimjua baba yao mkubwa kwa picha, na kila sherehe Lenzi alipeleka mwaliko kwa mkono wake mwenyewe, kisha akakaa akimsubiri, na kaka hakuja, na mimi iliniuma, iliniuma sana.

Agosti mwaka jana alianza kuumwa ini, Januari akalazwa, madaktari wakatueleza hali yake, nasi tukakubaliana kumficha, tukawa tunamwambia anaendelea vizuri, naye anatutazama tu na kugeukia ukutani. Tarehe 2 Februari kaka akaja, yeye ambaye siku nyingi alikwisha kuuliza maduka mengine akajua mdogo wake alisema kweli, ila aibu ikamfunga miguu, na Lenzi alipomwamkia tu akamwomba amwambie hali yake bila kuipaka rangi. Kaka akamwambia kwamba haponi. Lenzi akashusha pumzi, akamshukuru, akamwomba asiondoke, na kaka hakuondoka, alimlisha, alimgeuza, alimkata kucha, na alikuwa amemshika mkono tarehe 11 Februari alipokata roho.

Marehemu ameacha mjane, watoto watatu na wajukuu wanne. Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliopika na kulala nasi, na wenzake wa dukani mliolifunga leo kwa heshima yake.

Historia niliyoiandika kwanza ilikuwa nzuri kuliko hii, imejaa sifa na haina ugomvi hata mmoja, lakini jana kaka aliisoma, akaichana, akaniambia niandike upya, kama ilivyokuwa.

Pumzika kwa amani, mdogo wetu.