Neno Tulilomwambia Timazi

Ndugu, jamaa na majirani, naomba utulivu wenu kidogo, familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha ya baba yetu, fundi mwashi ambaye wengi wenu mlimwita Timazi, kama ile kamba yenye uzito ya kupimia wima wa ukuta, kwa sababu kuta zake hazikuwahi kuinama.

Alizaliwa tarehe 9 Machi 1961, akiwa wa nne kati ya watoto saba, cheti kinasema 1963 lakini shangazi, aliyekuwepo, anasema karani alikosea. Alisoma shule ya msingi kuanzia 1969 hadi 1975, akajifunza uashi kwa mjomba wake, na tangu 1980 akajenga madarasa, zahanati na nyumba nyingi za mtaa huu, ikiwemo hii.

Tarehe 17 Agosti 1985 alifunga ndoa na mama, ambaye siku moja alipita na ndoo mbele ya jengo, baba akapoteza mstari, na mwenyewe alikuwa akisema huo ndio ukuta pekee aliowahi kuubomoa. Walijaliwa watoto watatu, mimi ni kitinda mimba.

Tarehe 6 Mei 2016 alianguka kutoka jukwaa la ujenzi, akavunjika pingili mbili za uti wa mgongo, akapasuliwa, mifupa ikaunga vizuri, lakini maumivu hayakuondoka. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo, ambaye yuko nasi hapa, alimpa karatasi yenye mazoezi sita na hatua arobaini kila asubuhi, kutoka mlangoni hadi getini, akatueleza waziwazi kwamba mgongo utauma, na kuuma huko si kuumia upya. Tuliitikia, tukarudi nyumbani, na siku ya tatu, baba alipong'ata kola ya shati kwenye hatua ya kumi na mbili, mama alilia, kaka akaleta kiti, na mimi nikamwambia, baba, pumzika, utaendelea kesho. Aliniuliza kesho ya nani, lakini akakaa.

Tulimpumzisha zaidi ya miaka mitano. Kila aliyekuja kumjulia hali alimwambia neno hilohilo, kwa mapenzi, misuli ikanywea, hatua zikawa nane, zikawa nne, kisha akawa habanduki kitandani. Januari 2022 niliikuta ile karatasi chini ya godoro, ameweka alama ya penseli kwa kila zoezi alilojaribu peke yake tukiwa hatupo, alama mia mbili na sita, nimezihesabu mara tatu.

Tulimrudisha kliniki, mtaalamu hakutugombeza, afadhali angetugombeza, akaanza naye upya, na tarehe 30 Mei baba alipiga hatua kumi na moja akishika reli ya chuma. Lakini mapafu yalishachoka kwa kulala, nimonia ikamwingia, na Jumanne tarehe 14 Juni, saa nne na dakika ishirini asubuhi, alifariki wodini, muda mfupi baada ya kumwomba nesi amsaidie kusimama.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, mtaalamu wake, majirani mliotuchotea maji wiki nzima, na mafundi wenzake mliojenga kaburi lake kwa timazi yake mwenyewe.

Karatasi hii ilichapwa jana, na mwishoni mwake yamewekwa maneno ya kawaida ambayo mnayangoja, nimeyakata kwa kalamu asubuhi hii, kwa kuwa neno hilo tulishamwambia vya kutosha.

Baba, inuka, nenda kwa amani, taratibu tu, ukuta uko mkono wako wa kulia.