Hebu Nione na Kioo Chake

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka daktari wa fizi aliyetutoka wiki iliyopita. Wagonjwa walimwita Hebu Nione. Alishuku kila kitu, hata saa ya ukutani aliihakiki kwa saa ya mkononi.

Fizi zikisinyaa, mizizi ya meno hubaki wazi. Hebu Nione alikuwa na tiba moja tu: kukata kipande cha nyama kwenye kaakaa la mgonjwa na kukishonea palipopungua. Bintiye, naye daktari, akaleta pakiti. Ndani mlikuwa na ngozi ya marehemu fulani, iliyosafishwa kiwandani, ili mgonjwa asiuguze vidonda viwili. Baba akaigeuza geuza.

"Na huyu marehemu, nani anamjua?"

Basi fizi zake mwenyewe zikasinyaa, kulia na kushoto. Akakubali bintiye amtibu: kulia nyama ya kaakaa, kushoto ngozi ya pakiti. Sikilizeni vizuri, kushoto pakiti. Binti alijua haipimwi ngozi tu, anapimwa na yeye.

Kila asubuhi kwa miezi sita, mzee alisimama mbele ya kioo na kipimo chake cha milimita, akaandika. Kushoto fizi inapungua. Akaanza kumtazama bintiye kwa jicho la pembeni. Mkewe anakumbuka alivyonung'unika jikoni: "Kikulacho ki nguoni mwako." Mwishowe akamwambia binti asishike tena kisu katika zahanati ile.

Binti akafungasha vifaa vyake. Mama akamsihi ampime baba mara moja tu kabla ya kuondoka. Mzee akalala kwenye kiti cha wagonjwa. Kushoto fizi nzima. Kulia, upande wa kaakaa, ndiko kulikopungua milimita moja. Mzee akakishuku kipimo cha bintiye, akatoa chake. Jibu likawa lile lile.

Kumbe miaka arobaini alitazama watu waliomkabili, ambao kulia kwao ni kushoto kwake. Kwenye kioo kulia hubaki kulia, lakini yeye alijisoma kama mgonjwa, akaandika kinyume.

Aliinuka akaketi, aibu imemjaa. Kisha akasema, "Mwanangu, nimemshuku kila mtu isipokuwa yule wa kwenye kioo."

Hakuisifu pakiti. Mdomo mmoja si ushahidi, alisema. Lakini tangu siku hiyo wagonjwa walichagua wenyewe, kaakaa au pakiti, na kisu alimkabidhi bintiye, mpini mbele.

Mama, na wewe binti, poleni sana. Nasi tuliobaki, kabla ya kumshuku wa kwetu, tujihakiki kwanza. Binti anasema kile kioo bado kipo ukutani. Kwenye pande zake mbili baba aliandika kwa mkono wake: kulia, kushoto.